Mtu wa Saba wa Mzinga

Niliondoka mtaani kwetu Jericho kwa sababu ya wivu, afadhali niseme mapema. Miaka miwili nilikuwa nikijifundisha mwenyewe, kwa vitabu vya maktaba, habari za kikosi cha mizinga cha Waingereza wa kujitolea kilichopigana jangwani katika vita vya pili vya dunia. Kiliitwa cha farasi, ingawa mizinga ilivutwa na malori. Nikikosea nukta moja daftarini, nilinakili ukurasa mzima upya. Kisha rafiki yangu Kioko, ambaye hasomi hata gazeti, akaniambia babu yake alitumika nacho.

Jumamosi, saa mbili asubuhi, tulishika njia kwa miguu. Tulipopita Kaloleni, Kioko alisalimiana na kila mtu. Mimi nilirudia maswali yangu kimoyomoyo.

Saa tatu tulifika sokoni Gikomba. Mzee Mbithi alikuwa akichonga twiga katikati ya maseremala.

“Babu, huyu ndiye profesa wetu,” Kioko alisema.

“Karibu, profesa. Keti kwenye gogo, suruali itafuliwa.”

Nilipomuuliza habari za vita, alivuta mkokoteni, akasema ndio mzinga, akawapanga maseremala: huyu analenga, huyu anafyatua. Wa saba alikuwa yeye mwenyewe, amekumbatia kipande cha mti kama kombora.

“Samahani, mzee,” nikasema. “Mzinga ule ulikuwa na watu sita. Imeandikwa.”

Mzee akaweka mti chini.

“Basi mimi sikuwepo.”

Akamrudia twiga wake. Nilitamani kumeza ulimi. Kioko, asiye na daftari wala kalamu, akachuchumaa kando yake.

“Babu, huyo wa saba alisimama wapi?”

Mzee alimtazama, kisha akaanza kusimulia, kwa Kikamba. Sikijui. Nilikaa saa nzima nikitazama uso wa Kioko ukibadilika, nikamchukia.

Saa sita, tukirudi, nilishindwa kuvumilia pale Shauri Moyo.

“Alisema nini?”

“Wewe na ubishi wako!” Akacheka, kisha akaacha. “Alisimama nyuma, bila kinga. Jioni walipohesabiwa walionusurika, yeye, Mwafrika mbeba makombora, hakuhesabiwa. Niandikie, bwana. Mwandiko wangu ni wa kuku.”

Niliandika yote aliyonisimulia, ukurasa kwa ukurasa, mezani kwa mama yake. Nimejifunza kumwacha mtu amalize kusema kabla sijamsahihisha. Wivu haujaisha. Jina lililo juu ya kurasa zile ni la Kioko, na nililiandika mimi, kwa mwandiko wangu mzuri.