Délio, Kipa wa Nne

Simu ililia nikiwa nakata mkate wa supu katika ukumbi ulio chini ya kanisa. Ilikuwa Jumamosi, mkesha wa Pentekoste. Sisi tuliotoka visiwa vya Azores tukaja kuishi hapa Fall River, Marekani, hupikia mtaa mzima sikukuu hiyo. Sufuria kumi na moja zilikuwa motoni, na akina mama walikuwa wakibishana kuhusu kiasi cha mnanaa. Jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la Rourke, kocha wa makipa katika klabu ya mdogo wangu. Rourke hakuwahi kunipigia hata siku moja.

"Natércia, uko peke yako?"

"Niko na watu arobaini. Sema tu."

"Délio ameanguka uwanjani. Nimempigia baba yenu tangu saa saba, hapokei. Madaktari wamefanya kila walichoweza." Nikamsikia akivuta pumzi. "Amefariki, dada yangu. Saa kumi na dakika ishirini."

Niliweka kisu chini. Baba alikuwa hatua kumi kutoka pale nilipokuwa, amekunja mikono ya shati, anakoroga nyama na kuwatania akina mama. Simu yake aliiacha nyumbani. Nilisimama nikamtazama kwanza, awe na mwana kwa dakika moja zaidi. Kisha nikamwendea.

Délio alikuwa na miaka ishirini. Mazishini yalisemwa mengi mazuri juu yake, na yote ni kweli. Lakini kuna jambo moja halikusemwa, na niliyelijua mapema ni mimi, kwa hiyo naliandika.

Mama yetu alifariki Délio akiwa na miaka minne na mimi kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza sekondari, nikaingia kazini kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, na jioni nikawa mama. Kwa kweli nilikuwa nimeshakuwa mama yake tangu alipobatizwa, maana mimi ndiye niliyemsimamia kisimani. Kwetu ni kawaida dada mkubwa kusimamia ubatizo wa mdogo wake, na tendo hilo si la mchezo. Unaahidi mbele ya Mungu kwamba utamlinda.

Golini aliingia kwa sababu ya unene. Alikuwa na miaka tisa, na wavulana wakubwa waliokuwa wakicheza nyuma ya kiwanda cha nguo kilichofungwa walimwambia, "Wewe tangi, simama hapo katikati na usisogee, mpira utakupata wenyewe." Akasogea. Akaruka kushoto, akaruka kulia, akarudi nyumbani viwiko vinavuja damu na anacheka. Alipofika miaka kumi na minne unene ulikuwa umekwisha, urefu umekuja, na klabu moja kubwa, mwendo wa saa mbili kwa gari, ikamchukua katika timu yake ya vijana. Baba ni fundi wa mapaa. Mara tatu kwa wiki alishuka kutoka kwenye paa la mtu, akaingia kwenye gari bila kuoga, akampeleka.

Alipofika miaka kumi na minane alisaini mkataba, na shida zikaanza hapo. Mshambuliaji kijana huingizwa dakika kumi za mwisho akaonyesha mguu wake. Kipa haingizwi. Mmoja akishasimama golini, wengine wanakaa. Na yule aliyekuwa golini alikuwa na miaka thelathini na minne na hakuugua hata mafua. Délio alikaa benchi msimu mzima, na wikendi akachezea kikosi cha akiba mbele ya watu sitini.

Kisha akaitwa kambi ya timu ya taifa ya vijana. Baba alimwendea padri kabla hata hajatuuliza, na Jumapili ile, baada ya komunyo, ikatangazwa: mtoto wa parokia yetu amechaguliwa kuidakia Marekani. Watu walipiga makofi. Délio alisimama, akainama, masikio mekundu. Nilidhani ni aibu ya unyenyekevu.

Jikoni aliniambia ukweli. "Dada, mimi ni kipa wa nne. Orodha ya mashindano inabeba makipa watatu."

"Sasa wa nne wa kazi gani?"

"Wa kupigiwa. Mazoezi yakiisha, washambuliaji wanataka kupiga mashuti mia zaidi, na wale watatu hawatakiwi kuchoka. Anasimama wa nne."

"Mwambie baba."

"Mwambie wewe. Ameshanunulia ukumbi mzima bia."

Hatukumwambia. Mashindano yalipoanza kuonyeshwa kwenye televisheni, Ilídio, kinyozi wa baba na mtani wake wa miaka thelathini, hakumwacha. "Gualter, nimekodoa macho mpaka yanauma. Mwanao yuko wapi? Au siku hizi kipa anajificha nyuma ya nyavu?"

"Kidole kimeteguka," baba alijibu bila kusita. "Wewe kata nywele." Ndipo nilipoelewa kwamba naye alishajua.

Kule kambini kocha alimweleza Délio waziwazi: mikono yako naipenda, lakini siwezi kumpeleka kipa asiyecheza mechi, tafuta pa kucheza. Na pa kucheza palikuwepo. Klabu moja ya daraja la pili huko Poland ilikuwa tayari kutoa dola laki moja na ishirini. Lakini klabu yake ilipoona ameitwa kambini ikapandisha bei hadi laki nne, maana sasa inauza kipa wa timu ya taifa. Wapolandi wakaaga.

"Nimepigiwa mpira siku tisa," Délio aliniambia, "bei yangu imepanda zaidi ya mara tatu. Wangenipigia mwezi mzima ningekuwa ghali kuliko uwanja."

Alicheka, lakini majira yale ya baridi alibadilika. Aliongea kidogo. Jumapili alipokuja nyumbani alikaa na simu mkononi akisoma majina ya makipa wa umri wake wanaocheza. Aliyajua yote, na idadi ya mechi zao za kikosi cha kwanza. Yake ilikuwa sifuri.

Mwezi wa tano wakaja Wadenmark. Kipa wao alikuwa anastaafu. Walitoa dola laki mbili na nusu, na sehemu ya fedha atakapouzwa tena siku za mbele, na safari hii klabu ikakubali. Kilichobaki ni vipimo vya afya huko huko Denmark, Jumatano baada ya Pentekoste. Wakala wake alimwonya, "Usijikwae hata kwenye ngazi. Wana Mnorwe kwenye orodha, wa pili baada yako, na bei yake ni rahisi."

Sasa nifike penyewe.

Jumapili, wiki moja kabla ya Pentekoste, Délio alikuja kula mchana amevaa miwani ya jua, akaniomba nifunge mapazia. Baba akamtazama. "Leo tunakula na mwigizaji wa filamu? Tuombe sahihi kabisa kabla hujaenda Ulaya?" Délio akacheka, akamega mkate mtamu, akatafuna vipande viwili, kisha akaondoka mezani taratibu. Nilimfuata juu. Nilimkuta amepiga magoti chooni, anatapika.

"Nini?"

"Goti. Jana, mechi ya akiba. Krosi imekuja, nimetoka kuidaka, goti la mtu limenipata hapa." Alionyesha nyuma ya sikio.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia shingo."

"Délio, kesho unaenda kwa daktari."

"Daktari wa klabu akiandika kichwa, kinaingia kwenye faili, na faili linakwenda Denmark. Watamchukua Mnorwe jioni hiyo hiyo." Alijifuta mdomo. "Ni Jumamosi moja tu, dada. Mtu wao anakuja kuniona mara ya mwisho. Nisipokuwepo atauliza kwa nini."

"Na kichwa?"

"Kichwa kitapoa. Natércia, nimekaa miaka miwili. Nikirudi benchi tena, nimekwisha. Usimwambie baba, usimwambie Rourke. Nakuomba."

Nilimwekea kitambaa cha baridi shingoni, nikasema sawa.

Tangu Ijumaa nilikuwa nasali novena ya Roho Mtakatifu, sala ya siku tisa, nikamwingiza humo. Nilijiambia nimemkabidhi kwa Mungu, na mtu akishakabidhi hapaswi kuhangaika. Jumatatu aliniandikia, "Nafuu." Jumatano, "Afadhali." Ijumaa, "Mzima kabisa, nipe baraka." Nilimpa. Nilimwamini kwa sababu ilinifaa kumwamini. Leo naona kwamba Mungu hakuwa ananidai novena. Alikuwa amenipa namba ya Rourke, ilibandikwa kwenye mlango wa friji yangu, na kila asubuhi niliipita nikitoa maziwa.

Rourke alinisimulia mechi. Dakika ya thelathini na moja shuti lilimpiga kifuani, akaanguka chali, pigo ambalo kipa hupigwa mara ishirini kwa siku. Akainuka. Akaweka mpira chini, akaupiga mbali. Kisha akamuuliza beki wake, "Mbona wamezima taa?" Ilikuwa mchana na jua linawaka. Akapiga magoti, akalala. Daktari wa hospitali alisema ubongo ulikuwa bado una jeraha la kwanza ulipotikiswa mara ya pili, ukavimba ghafla. Aliuliza kama kuna mtu alijua kuhusu jeraha la kwanza. Rourke alisema hakuna. Yule mtu wa Denmark alifuata gari la wagonjwa kwa teksi, akakaa kwenye benchi la hospitali na Rourke mpaka mwisho.

Jumatatu nilikwenda kuungama. Padri Anselmo alinipa ondoleo, halafu akasema, "Mungu amekusamehe, mwanangu. Lakini baba yako hayumo humu ndani."

Jumanne nilimwambia baba. Alikuwa mezani na kahawa imepoa. Hakupandisha sauti.

"Tangu Jumapili ile?"

"Ndiyo, baba."

"Ile miwani ndiyo hiyo?"

"Ndiyo."

Alikaa akitazama kiti cha Délio. "Mimi nilimtania," akasema. Akainuka, akaenda kulala akiwa amevaa viatu. Hatujalizungumza tena. Sijui kama amenisamehe, na sijamuuliza.

Jumatano tulikesha naye kwenye nyumba ya maziko, na ukumbi ulijaa. Baba alitaka avalishwe jezi ya timu ya taifa, ikabidi nimweleze kwamba jezi za kambini zilirudishwa siku ya mwisho. Tukamvalisha suti ya kijivu aliyoinunua apigiwe picha akisaini. Wadenmark walituma shada la maua lenye utepe, jina lake limeandikwa vizuri, pamoja na alama juu ya herufi e.

Alhamisi asubuhi ilikuwa misa. Walibeba jeneza watu sita: baba, Rourke, Ilídio, binamu yetu mmoja, na vijana wawili waliosafiri na timu ile ya taifa wakiwa kwenye orodha ya makipa watatu. Walikuja kwa ndege bila kuitwa na mtu. Mmoja wao aliniambia Délio ndiye aliyewafundisha kuomba kabla ya mazoezi, na kwamba hakuwahi kulalamika kupigiwa.

Kaburini Padri Anselmo alisoma sala, tukaitikia. Watu wa makaburi walisubiri tuondoke ndipo washushe jeneza, ndivyo wanavyofanya hapa. Baba alikataa kuondoka. Basi wakalishusha sisi tukiwepo, saa sita na robo. Baba alitupa udongo, nami nikatupa, na wengine wakafuata mmoja mmoja. Tuliomba raha ya milele kwa ajili yake. Watu walitushika mkono, wakarudi kwenye magari, na wafanyakazi wakachukua makoleo. Tulisimama mpaka shimo likajaa, kisha nikamshika baba mkono, tukaondoka.