Siku Nne Nilizoziandika Sita

Mpaka leo sijaizoea kakao. Kazi yangu hapa Beni ni kusimamia masanduku ya kuichachusha, na ningepaswa kuwa nimechoka kuyaangalia. Wakulima wa Mutwanga huleta mbegu mbichi kwenye ndoo, nyuma ya pikipiki, nyeupe na zenye utelezi mtamu. Tunazimimina ndani ya masanduku ya mbao, tunazifunika kwa majani ya ndizi, basi. Hakuna anayewasha moto. Siku ya tatu nikichomeka mkono ndani nautoa haraka, maana kule chini kuna joto la uji uliotoka tu jikoni, na mvuke unapanda hadi usoni. Nasimama pale nashangaa kama mgeni. Wenzangu hunicheka, wanasema siku moja nitaanza kuyaimbia masanduku. Wacheke. Mimi naona Mungu akifanya kazi bila kupiga kelele, na hilo si jambo la kupita nalo mbio.

Kampuni ninayoifanyia kazi ni ya mzee mmoja wa Butembo ambaye sisi sote tunamwita Patron, yaani bosi. Alianza kwa kusukuma magunia ya kahawa juu ya baiskeli. Mimi na mama yangu tulipokimbia vita kutoka Mangina, yeye ndiye aliyetufungulia mlango wa depo yake ya kuhifadhia kahawa, tukalala katikati ya magunia hadi tulipopata nyumba mtaa wa Mususa. Hajawahi kutukumbusha, hata kwa utani. Ndiyo maana mtu akiisema vibaya kampuni mbele yangu, sokoni au nje ya kanisa, hujuta kwa nini alifungua mdomo. Ulimi wangu ni mkali, sikatai.

Sasa, kakao inahitaji siku sita ndani ya sanduku. Msimu uliopita malori yalikuwa yanatoka na msafara wa kusindikizwa na askari, na siku za msafara hazikulingana na siku za masanduku. Patron akanipigia simu kutoka Butembo. Akasema tutoe kakao siku ya nne ili lori lisikose msafara. Nikamuuliza kwenye karatasi ya mzigo niandike nini, maana karatasi ile inauliza idadi ya siku na mimi ndiye ninayeitia sahihi.

“Muandike vile munaandikaga,” akajibu.

Nilimwelewa vizuri sana. Mama mmoja mtu mzima ninayegeuza naye kakao alikunja uso, akaniambia haijaiva, akarudi kushika koleo lake. Nikaandika sita. Hakuna aliyenishika mkono. Nilijiambia kwamba huo ndio uaminifu, kwamba aliyekupa pa kulala humwekei alama ya swali. Nikapakia, nikafunga, nikaenda kula.

Mzigo ulikataliwa na wanunuzi. Baada ya hapo ilinifikia barua kutoka bureau, ofisi kuu ya kampuni kule Butembo. Ilisema kwamba, kwa kuwa siku zilitimia, kosa ni la wakulima wa Mutwanga waliochanganya kakao mbovu, kwa hiyo kikundi chao kimefutwa kwenye orodha ya wanaotuuzia. Mimi niliagizwa kuisoma mbele yao Jumamosi. Kikundi kizima, watu wanaoteremsha ndoo kutoka miguuni mwa milima ya Ruwenzori kwa njia ambazo hata pikipiki inaziogopa, wafutwe kwa neno “sita” lililotoka kwenye kalamu yangu.

Nilikwenda kwenye mabaki ya mzigo ule, nikachukua mbegu kiganja kizima, nikazipasua kwa kisu moja baada ya nyingine. Kakao iliyochachuka vizuri huwa ya kahawia ndani. Hizi zilikuwa za zambarau, zimebana, kama hazijui kilichozipata. Niliwakasirikia watu wa bureau kwanza. Hasira ilichukua muda kufika kwangu mwenyewe, lakini ilifika, na ilikuwa kubwa kuliko ile ya kwanza. Alhamisi alfajiri nikafunga mbegu ndani ya kitambaa, nikapanda gari la Butembo.

Pale bureau, kazi huanza kwa sala. Baada ya sala mwenye ushuhuda husimama, na ushuhuda wetu sikuzote ni shukrani: mtoto amepona, safari imekwenda salama, asante Mungu, asante Patron. Kila sentensi wenzako huipokea kwa amina. Niliposimama, Patron mwenyewe akiwa amekaa mbele, walitabasamu, wakijua nitasimulia tena habari ya depo na magunia. Nami nilianza hapo hapo, kwa sababu ilikuwa kweli na nilitaka isikike. Kisha nikakitoa kile kitambaa.

“Kakao ya Mutwanga tuliitosha mu sanduku siku ya ine,” nikasema. “Miye ndiye niliandika sita.”

“Amina,” wakaitika wote, kwa nguvu.

Mazoea ni mabaya. Mhasibu alikuwa wa kwanza kuelewa alichokiitikia, akajifunika mdomo. Mwingine akainamisha kichwa. Nikamgeukia Patron, nikamalizia.

“Kosa hapana ya bantu ba Mutwanga, Papa. Ni yetu.”

Patron hakuniuliza nani alinituma. Alinyoosha mkono. Nikampa kitambaa. Akatoa kisu chake kidogo mfukoni, akapasua mbegu moja, akaiangalia kwenye mwanga wa dirisha, kisha akaitia mdomoni akaitafuna. Naijua ladha ile. Inauma ulimi na kukausha koo. Nilingoja aiteme, lakini aliitafuna hadi mwisho, akaimeza. Nilikuwa nimemheshimu mtu huyu miaka mingi kwa sababu ya wema wake. Asubuhi ile nilimwogopa, na woga ule ulikuwa na furaha ndani yake, sijui kuueleza vizuri zaidi.

“Rudia Beni,” akasema. “Samedi nitakuya Mutwanga, miye mwenyewe.”

Hakusema kama bado nina kazi. Sikuthubutu kuuliza.

Jumamosi alifika amekaa nyuma ya pikipiki, suruali imejaa matope hadi magotini. Wakulima walikuwa wamejazana kwenye mabenchi ya kanisa lao, wameshasikia uvumi. Patron aliwasalimu kwa Kinande, akanipa bahasha, akaniambia nisome. Barua ya kwanza niliyokuwa nayo mkobani hakuiulizia.

Nikafungua. Iliandikwa kwa mkono wake. Ilisema kakao ya Mutwanga ilikuwa nzuri ilipotoka shambani, na kwamba kikundi hakijafutwa. Nikasikia mtu nyuma akishusha pumzi ndefu. Ilisema tena kwamba waliokosa ni wawili na kila mmoja anapewa onyo, na majina yao yasomwe mbele ya wote. La kwanza lilikuwa lake. Nililisoma, naye akasimama wima ili waliokaa nyuma wamwone.

Kisha nikasoma la pili, lililokuwa langu, nikasimama kando yake.