Nilitafuta jina langu kwenye server ya kazini, likakosekana

Wakuu, habari za leo. Hii yangu ni ya kweli. Ingekuwa ya kubuni ningejipa sehemu nzuri zaidi.

Mimi ni mtu wa kompyuta katika chuo kimoja hapa Ruring'u, mwaka wa nne sasa. Ofisi yangu iko nyuma ya maktaba. Chumba kimoja, server moja, kiti kimoja.

Kupiga stori sijui. Mtu akiwa na shida ya password ananiandikia email, tunamalizana huko huko. Chai ya saa nne nakunywa na server.

Kwa wasiojua: kwenye network ya chuo kuna orodha moja ya majina ya wafanyakazi wote, na kompyuta zingine zinaiuliza. Ukitaka mtu mmoja unafungua terminal, unaandika ypmatch, jina lake, passwd, enter. Unapewa mstari wake: jina kamili, idara, chumba.

(Ndio, ni mfumo wa kizamani. Msinianze.)

Mimi niliwajua watu kwa hiyo mistari. Najua nani amehama chumba, nani ameolewa akabadilisha jina. Kuwajua kwa uso, wachache sana.

Kila mwanzo wa term naprint orodha yote na kuisukuma chini ya mlango wa Madam Wangeci, katibu wa welfare, chama chetu cha kusaidiana. Nachagua saa ya lunch ili nisimkute. Hiyo ndiyo orodha anayotumia mfanyakazi akifiwa.

Mwezi wa pili mamangu alifariki.

Nilimwambia HOD wangu, mkuu wa idara, ambaye alikuwa Nairobi kwa mafunzo. Akanipa pole, akasema atapigia welfare simu.

Tulimzika nyumbani, Mukurweini. Baba alitenga safu mbili za viti kwenye tenti kwa ajili ya watu wa kazini kwangu. Hata majirani aliwakataza kuvikalia.

MC akaanza kuita vikundi, kama kawaida ya matanga yetu. Wa kanisa wakasimama. Wa chama cha akina mama wakasimama. Wa maziwa wakasimama.

"Workmates wa Ndirangu, hebu simameni tuwaone."

Hakusimama mtu.

MC akarudia. Watu wakaanza kugeuza shingo. Mimi nilikuwa naangalia viatu vyangu, wakuu, nikitamani mvua inyeshe.

Halafu Baba akainuka na fimbo yake. "Mimi ndio workmate yake. Tumechuma kahawa na huyu kijana tangu akiwa kadogo hivi."

Watu walipiga makofi. Mimi nililia hapo, na si kwa ajili ya Mama peke yake.

Nikarudi kazini na kinyongo. Hakuna aliyeniuliza chochote. Mtu aliandika "password imekataa", nikamjibu "restart" nikijua kabisa haitasaidia. Miezi mitano nilikaa hivyo. Mwishowe nikaandika barua ya kuacha kazi.

Kabla ya kuipeleka ilibidi niandike maelezo ya handover, nimwonyeshe atakayekuja jinsi ya kutafuta mtu. Nikatumia jina langu kama mfano.

ypmatch ndirangu passwd. Enter.

No such key in map. Yaani, hakuna jina kama hilo.

Nikarudia pole pole. Hakuna.

Ndipo nikakumbuka. Nilipoijenga server, account yangu niliiweka upande wa mashine, pamoja na ya printer na ya backup, kwa sababu sikutaka ionekane. Za upande huo haziingii kwenye orodha. Mimi huingia kwa server moja kwa moja, kwa hivyo sikuwahi kuona tofauti.

Miaka yote hiyo nilikuwa nasukuma chini ya mlango wa welfare orodha ambayo mimi simo.

Nikaenda kwa Madam Wangeci. Safari hii nikabisha.

"Karibu. Wewe ni wa ile kampuni ya Nairobi ilileta mashine, sindiyo?"

"Hapana, madam. Mimi ni Ndirangu, wa kompyuta. Niko hapa miaka nne."

Akatoa karatasi ya orodha kwa drawer. "HOD yako alinipigia ati Ndirangu amefiwa. Nikatafuta kwa list, hukuwa. Nikasema basi huyo ni mtu ya kampuni, wenzake wataenda." Akavua miwani. "Woi, kijana. Ulizika mama yako bila sisi?"

Akaandika jina langu chini kabisa ya karatasi, kwa mkono wake.

Jumamosi iliyofuata walikuja Mukurweini, watu saba, na unga, sukari na majani ya chai. Wengine nilikuwa nawaona uso mara ya kwanza, na namba za vyumba vyao nazijua kwa kichwa. Tukaomba, tukaenda kaburini, tukala.

Kabla hawajaondoka Baba akasema, "Watu ya kazi ya Ndirangu, hebu simameni niwaone."

Wakasimama wote saba. Yeye akabaki amekaa, fimbo kwa magoti, akiwaangalia mmoja mmoja.

Barua niliichana. Si ati sasa niko na marafiki. Chai ya saa nne siku nyingi bado nakunywa peke yangu, na Mama hakuwaona wale watu. Hilo hakuna command ya kulirekebisha.

Funzo langu ni hili: nilichukia watu miezi mitano kwa kosa nililoandika kwa vidole vyangu. Kabla hujaamua umesahauliwa, enda ubishe mlango uulize.

Na ninyi mnaofanya kazi kwenye vyumba vya nyuma, niambieni hapa chini bila aibu: MC akiita workmates wako leo, nani atasimama?