Kimya cha Tak Byeong-ho

Tak Byeong-ho alirudi kutoka masomoni Vienna na skafu shingoni, na hata joto la Agosti halikumvua. Kazi yake ni kutunga muziki: huchukua nyimbo za masimulizi za kwao mkoani Jeolla, za mwimbaji mmoja na ngoma moja, akazivika fidla na tarumbeta mpaka zenyewe hazijitambui. Magazeti humwita fundi. Mama yake, muuza kamba waliotiwa chumvi sokoni Mokpo, humwita "yule wa skafu".

Nyimbo hizo zimo damuni mwa mama. Na zinataka msikilizaji apaze sauti, "Eolssu!", pale panapomkuna, bila hivyo mwimbaji huona anawaimbia mawe. Basi katika onyesho la kwanza la mwanawe, mama alipaza. Byeong-ho akamgeukia mbele ya watu wa tai: "Mama, nyamaza! Hapa si sokoni!"

Mama akanyamaza. Alihudhuria kila onyesho baada ya hapo, safu ya mbele, mdomo kaufunga kama mtungi wa achari ya kimchi. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Huyu, ulimwengu ulimshindwa, ukamrudisha kwa mamaye. Maneno yake mwenyewe yalimchoma Byeong-ho miaka mingi, ila kuomba radhi aliona haya. Badala yake akatunga kazi nzima ili kumrudishia mama sauti yake. Katikati akaacha kimya, akamwagiza kiongozi wa okestra: "Usishushe mkono mpaka mtu apaze sauti." Mama hakuambiwa kitu. Angejua mwenyewe.

Mama hakujua, au alijua kupita kiasi. Kimya kilipofika, akafumba macho. Watu wakakohoa. Mpiga ngoma akajikuna sikio. Mkono wa kiongozi ulibaki juu. Byeong-ho, safu ya pili, jasho likamtiririka chini ya skafu. Aliona utungo wake unakata roho pale pale. Akasimama.

"Mama, jamani! Si upaze sauti!"

Mama hakugeuza hata shingo. "Nyamaza wewe! Hapa si sokoni!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Byeong-ho akavua skafu, akajifuta nayo uso.

"Nisamehe, Mama," akasema, na kila mtu akamsikia.

"Eolssu!" akapaza mama, na ngoma ikaingia.