Jina Lililokatazwa Bomani

"Soma, Persis! Usinirukie mistari."

"Sijaruka, Mama Tryphosa. Naangalia jua. Likizama Sabato yako imeingia, halafu mzee wa kanisa lenu anikute nakusomea hadithi za dunia? Sisi Wakatoliki tutasemwa mpaka Kenyenya."

"Jua langu nalijua mwenyewe. Bado limeshika ule mgomba. Soma!"

Alfajiri Persis angeondoka Kebirigo kumfuata mumewe kwenye mashamba ya chai, Kericho, na kitabu chake kingeondoka naye. Kila wakitoka kuchuma chai alimsomea huyu mjane jirani yake habari za kijana aliyegombana na wazazi akaenda kukulia ugenini. Tryphosa hakujua hata a, ila kijana yule alimzoea kama anayelala chumba cha pili.

Chumba cha pili kilikuwa kitupu. Mwanawe, Momanyi, aliacha kanisa akafuata gitaa huko huko Kericho, na tangu hapo mama akakataza jina hilo bomani. Ukimwita Mama Momanyi, haitikii. Lakini akisonga ugali wa wimbi, mkono ulisonga wa watu wawili. Kuku walikula yale mabaki wakanenepa mpaka wakawa wanapita mlangoni kwa ubavu.

Persis akasoma. Kijana amerudi jioni, amesimama nje ya ua wa kwao. Anamsikia mama yake ndani akiita mbwa, akiita ng'ombe, kila mmoja kwa jina lake. Lake halisikii. Anageuka, anakwenda zake.

"Halafu?"

"Halafu basi. Kimekwisha."

"Kimekwishaje? Huyo mama ni mjinga! Si angeita tu?"

"Si wewe ulisema mtoto lazima apige magoti kwanza?"

"Nilisema juzi. Juzi huyu alikuwa hajasimama pale nje."

Tryphosa akasukuma kuni jikoni, ingawa moto ulikuwa unawaka vizuri.

"Huko Kericho," akasema, "mpiga gitaa hafichiki."

"Hafichiki, mama."

"Mwambie aje. Aje nalo hilo gitaa, nitatafuta msumari wa kulitundika."

"Akiniuliza nimetumwa na nani?"

Jua lilikuwa limeuacha mgomba.

"Mwambie ni Mama Momanyi."

Mlango ukasukumwa. Mzee Thadeus wa kanisa, aliyekuja kufungua Sabato kwa sala, akasimama kizingitini na Biblia kwapani, akiwatazama. Kitabu kilikuwa bado wazi mapajani mwa Persis, na Tryphosa hakumwambia akifunge.