Mwanahamisi na Udongo wa Visiwa Viwili

Mwanahamisi binti Asumani aliujua udongo kama wengine wanavyowajua wajukuu wao. Umwekee chembe moja ulimini, angekutajia kisiwa, upande wa kisiwa, na mbuzi wa nani alipita pale juzi. Anayebisha aende mtaa wa Kabondo, mjini, akaulize. Hakuna mjamzito wa enzi hizo ambaye hakutafuna mabele yake, ule udongo mweupe aliouchimba katika visiwa viwili vya mtoni, akaukausha na kuuuza vipande vipande. Watoto waliotokana na udongo ule walizaliwa na meno yote, na wawili wakamwamkia mkunga.

Basi mwaka wa uasi, Mwanahamisi akiwa amekimbilia Isangi, wenye bunduki walivunja ghala la wazungu watafuta madini. Wakapakia masanduku mtumbwini wakidhani ni dhahabu. Kumbe mawe meusi, mazito, na unga wa manjano! Kwa hasira wakamwaga nusu kisiwa hiki, nusu kile, wakaenda zao.

Mwaka uliofuata, juma lile lile aliporudi Mwanahamisi na kuchimba kikapu chake cha kwanza, alirudi pia Zacharie, aliyekuwa akiwabebea wazungu mashine yao ya kusikiliza mawe. Akapita nayo visiwani, ikalia tik-tik-tik kama mawese kikaangoni. Akawakusanya wenye mashamba ya visiwani, akawaambia mawe yale yana moto usioonekana. Ukiingia tumboni na udongo, unamla mtu polepole.

Papa Hubert, mkubwa wao, akasimama. "Bon. Baada ya miezi mbili maji itajaa, itabeba ile sumu popote. Tuchimbe visiwa yote, tutupe mutoni. Kwisha."

"Na watu ya Yanonge wanywe nini, papa? Bia?" akauliza Mwanahamisi. "Bakwe zako wote iko kule maji inashukia."

Watu wakaangua kicheko.

"Alors, mama, wewe uko na akili gani?"

Akachora mchangani kwa kidole. Zacharie atembee na mashine hatua kwa hatua, inapolia, kigingi. Udongo wa ndani ya vigingi tu ndio utoke, mpaka mashine inyamaze. Kwanza unyunyiziwe maji vumbi lisiruke, pua zifungwe kitambaa, na asiyeoga asile. Uingie katika mapipa ya mawese, mapipa yavushwe juu ya mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja, hadi kilima cha ng'ambo, mbali na mji na visima, ambako mafuriko hayajafika tangu dunia iumbwe.

"Na shimo yake?" Hubert akauliza. "Mvua haitaingia?"

"Papa, mi nachimba udongo nyeupe miaka makumi tatu. Maji inasimama juu yake wiki nzima, haipiti. Ile ya ng'ambo iko safi. Tuweke chini, tuweke juu, kama chikwange ya muhogo ndani ya majani."

Hubert akakaa. "Mama, ungekuwa mwanaume, ungekuwa ministre."

"Ministre hajui kuchimba."

Kesho yake wakapigilia vigingi. Walipofika kwenye shimo la Mwanahamisi, lililowaoza mabinti wake watatu na kuezeka nyumba mabati, Zacharie akalizunguka kama hakuliona.

"Mbona unaruka?"

"Hapa iko kidogo tu, mama. Utakula nini?"

"Weka mashine."

Ikapiga kelele kuliko kote. Mvua ilikuwa imeukokota unga wa manjano hadi pale. Mwanahamisi akampokonya Zacharie shoka, akapigilia vigingi mwenyewe mpaka shimo lote likawa ndani, na kikapu chake akakimwaga humo humo.

Lakini vipande saba vya kikapu kile alikwisha kuviuza asubuhi ya jana. Akavuka mto, akazunguka Kabondo mlango kwa mlango. Wateja wake aliwajua kwa matumbo. Vipande sita akavipata vingali mafundoni mwa vitenge. Wa saba, Julie, ndiyo kwanza alikuwa anakitia mdomoni. Mwanahamisi hakubisha hodi. Akambana mashavu, akaingiza kidole, akakichomoa kizima.

"Mama, na hamu yangu je?"

"Kula ndizi!"

Pipa la kwanza lilipovuka mto, maji hayajapanda hata shubiri, vile vipande saba vilikuwa ndani yake, juu kabisa.