Kifaru Kisicho na Kutu

Baba yangu alipigana na kutu maisha yake yote. Gereji yake pale Sultan Hamud ilikuwa mabati manne na kivuli cha mgunga, na gari lililoingia hapo likiwa limeliwa hadi milangoni lilitoka linang'aa. Mimi binti yake nilikua na msasa mkononi, nikinuka tina ya kuyeyushia rangi hadi mwalimu akaniuliza kama nyumbani tunapikia hiyo. Sasa ona mambo ya dunia: leo nikipata nafasi, kazi yangu ni kutengeneza kutu.

Naitengeneza juu ya askari wa plastiki. Wana kimo cha kidole gumba, wamebeba bunduki za miale, ni watu wa vita vitakavyopiganwa huko kwenye nyota siku zijazo. Tuko wanne tunaocheza, Jumamosi mchana, kila mtu na jeshi alilolipaka rangi mwenyewe. Tunapima hatua kwa rula, tunarusha dadu, tunagombana. Akina mama wa kanisani huniuliza kama hao ndio watoto nitakaozaa. Nawajibu kwamba angalau hawa hawalii.

Jeshi jipya halipendezi. Linalopendeza ni lile linaloonekana limetoka mbali. Kwa hivyo rangi ikikauka unachukua kipande cha sponji, unakichovya kwenye kahawia, unakifuta karibu kiishe, halafu unagusagusa kingo za chuma. Hiyo ndiyo kutu. Mwisho unaweka vumbi. Wenzangu hununua poda ya vumbi dukani, lakini mimi mtu wa Makueni ninunue vumbi? Hata! Langu ni udongo mwekundu wa kando ya barabara ya Kiboko, nimeuchekecha kwa soksi ya nailoni.

Mikono ya Baba ilipoanza kutetemeka alifunga gereji, akaja kukaa kwangu. Alishinda kwenye veranda akiangalia magari ya watu na kuyahurumia. Kulikuwa na neno moja nililolitaka kwake tangu utotoni. Akimaliza gari alikuwa analizunguka mara mbili, kisha anasema, "Sasa hii ni gari." Kazi yangu hakuwahi kuiambia hivyo, na nilikuwa mtu mzima bado nangoja.

Ijumaa moja niliacha kifaru changu kikubwa cha vita kwenye meza ya veranda, kikauke, nikaenda kazini kwenye duka la dawa. Kilikuwa na ukubwa wa nusu mkate na kilinichukua wiki tatu, kutu kila pembe, vumbi hadi kwenye magurudumu. Mchezo ulikuwa kesho yake.

Niliporudi jioni, jua bado liko, nilimkuta Baba amevaa ovaroli yake ya zamani. Kifaru kilikuwa mbele yake, kijani kitupu, kinang'aa. Alikuwa amekipiga msasa na kukipaka upya kwa brashi yangu ndogo kabisa, mkono mmoja ukishikilia mwingine.

"Mama," akaniambia, maana nilipewa jina la mamake, "hii ilikuwa imeshikwa na kutu vibaya. Nimekuokolea."

Hasira zangu ziko karibu, sifichi. "Baba, nani alikutuma? Wiki tatu! Na hiyo mikono si ulisema imestaafu?"

Aliitazama mikono, akaiingiza mfukoni. "Pole," akasema. "Sikujua kuna kutu ya kutafutwa." Akaingia ndani. Hilo neno la mikono ningeweza kulimeza, ningelimeza na miiba yake.

Nikachukua sponji nianze upya. Nilipokigeuza kifaru, niliona upande wa chini, ambao hakuna mtu huutazama, umepakwa laini vilevile. Kwenye gereji alikuwa hivyo hivyo: mwenye gari hataona, lakini yeye atajua. Nikatafuta mstari mmoja uliotetemeka. Haukuwepo. Nililia pale pale, nikarudisha sponji kwenye kikombe.

Kwetu hatujui kuomba msamaha, tunapeleka chai. Nilimpelekea, akanywa. Jumamosi nilienda na kifaru kinang'aa, nikachekwa, nikashindwa. Niliporudi aliniuliza kutoka kwenye kiti, "Gari ilifika?"

"Ilifika, Baba."

Ndiyo tuliyozungumza, basi. Hakushika brashi tena, na mvua za vuli zilipokwisha tulimzika.

Wenzangu bado huniuliza nitakitia vumbi lini, kwa sababu jeshi lote jingine ni jekundu kwa udongo wa Kiboko. Kabla ya kila mchezo nakifuta kwa ncha ya leso, na chini pia. Nakizunguka mara mbili pale mezani, hata wakinicheka, kisha nasema kwa sauti, "Sasa hii ni gari." Nimemchelewesha sana mzee wa watu. Ni yeye aliyekuwa anangoja kuambiwa.